Bupe, Uliyewapigia Nyangumi Vigelegele

Ni mwaka mmoja sasa, Bupe, tangu viatu vyako vyeupe vya kazini vibaki mlangoni kwetu Adelphi, hapa Marekani, na wewe usirudi kuvivaa. Shemeji yako Gwakisa huvifuta vumbi kila Jumamosi na kuvirudisha palepale. Hakuna aliyemtuma, na hakuna anayemkataza.

Familia imempa dada yako Jacqueline kazi ya kuandika kumbukumbu hii, kwa kuwa ndiye mwenye shahada na ndiye asiyelia mbele ya watu. Unamjua. Atasema lililopo.

Tunakumbuka ulivyokuwa unakuja. Ulishuka basi Langley Park, ukakatiza kwenye vumbi la ujenzi wa reli, ukaingia bila kupiga simu, ukaosha vyombo kwanza ndipo ukasalimia. Miaka kumi na tisa uliwatunza wazee majumbani mwao na hukumwita hata mmoja wao mgonjwa. Uliwaita kwa majina, ukawachana nywele hata wale waliobakiwa na chache. Kwenye harusi, kuanzia hapa hadi Manassas, wanawake walikuwa hawapigi vigelegele mpaka waone umesimama. Wewe ndiye uliyeanza, na dada yako aliyekaa meza ya pili alishika glasi yake na kutazama ukuta. Yeye hajui kupiga vigelegele. Hakuwahi kujifunza, na hakupenda kukusikia ukisifiwa kwa hilo.

Basi alikuwa na wivu, Bupe. Hilo ulilijua kabla ya sisi wote.

Ulikuja nchi hii kwa ajili ya Elsa. Dada yako alikuwa amejifungua, mama yetu hakupata viza, ukaja wewe, msichana wa miaka ishirini na mbili, na kitenge kimoja cha kijani chenye miduara ya rangi ya chungwa. Ulikikata katikati kwa mkasi wa jikoni. Nusu moja ulimfunga dada yako tumboni, nusu nyingine ukambebea mtoto. Ulichemsha uji, ulimkanda mzazi kwa maji moto, uliamka mtoto alipolia. Kwetu siku arobaini zikiisha mzazi humkalisha aliyemlea, humvisha kitenge kipya, humwambia asante kwa kunilelea, na wanawake wote wanasikia. Dada yako alirudi maabara siku ya thelathini na nane. Zamu ilikuwa inamsubiri. Nusu yake ya kitenge ilikunjwa ikaingia kwenye sanduku, na lile neno halikusemwa.

Elsa akakulia mgongoni kwako. Huyu mtoto anayemjibu mama yake kwa Kiingereza tangu shule ya chekechea, kwako alisema Kiswahili, tena kile chetu cha Mbeya, na alicheka kwa mdomo wazi kama wewe. Dada yako aliingia jikoni akawakuta mnacheka, nanyi mkanyamaza. Aliuliza mnacheka nini. "Nothing, Mom," Elsa akasema.

Kisha wakaja nyangumi.

Bibi mmoja uliyekuwa unamtunza, mwalimu mstaafu, alitaka kuwaona tena kabla hajafa, na asingeweza kusafiri bila mtu wa kumsaidia. Ukaenda naye hadi Mexico, kwenye ghuba za maji tulivu pembezoni mwa jangwa, ambako nyangumi wa kijivu huja kila majira ya baridi kuzaa. Ulirudi umeungua pua na huna habari nyingine ya kusema. Mwaka uliofuata ukamchukua Elsa, akiwa na miaka kumi na saba. Ukamchukua tena mwaka wa pili.

Habari ya ile siku tumeisikia mara nyingi kiasi kwamba hata Gwakisa, ambaye hajawahi kupanda boti, anaisimulia. Boti ndogo ilizima mwendo. Wamarekani walishika kamera kimya. Nyangumi mmoja mkubwa kuliko basi akaibuka mbali, na ubavuni pake kichwa kidogo cheusi. Wewe ukasimama ukapiga vigelegele, kama inavyopaswa mtoto anapozaliwa. Nahodha alishika kichwa chake, akidhani umemharibia siku. Lakini yule mama akageuka, akaja moja kwa moja hadi kwenye boti, akamwinua mwanawe kwa pua na kumsogeza mpaka mkono wa Elsa ukamfikia. Elsa alisema ngozi yake ni kama yai la kuchemsha lililomenywa.

Mlileta picha. Mlikuwa nyinyi wawili, na yule ndama wa nyangumi katikati. Ukaibandika kwenye jokofu letu. Dada yako akaweka juu yake kadi ya daktari wa meno, wewe ukaiondoa, yeye akairudisha, na hivyo ndivyo mlivyoendelea miezi sita.

Ulimwambia aende. "Safari hii nenda wewe na Elsa," ulisema ukiwa unasugua sufuria. "Mimi nimeshaona."

Dada yako alisema ana kazi. Aliuliza pia ni mama gani huyo anayempeleka mwanawe kwa watu asiowajua.

Ukamweleza kwa upole. Ulisema yule mama huko ghubani hali chochote miezi mizima, na mtoto ananyonya mchana na usiku. "Amechoka, dada. Akiona boti anafurahi. Anawapa watu mtoto wamchezeshe, na yeye analala juu ya maji kidogo, anapumua."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyetoa mtoto nikalala."

"Nasema nyangumi."

"Unasema mimi. Kama unataka mtoto, Bupe, zaa wako."

Hukuwa na mtoto, na wote tulijua ulivyohangaika hospitalini kumtafuta. Ulisuuza ile sufuria, ukaigeuza kwenye taulo, ukasema, "Sawa, dada." Elsa alikuwa ngazini. Alisikia.

Dada yako alitaka kuomba radhi. Alipanga kufanya hivyo Jumapili. Jumapili hiyo hukuja, ulikuwa umelazwa, na baada ya hapo kila Jumapili kulikuwa na daktari, au mchungaji, au wewe umelala. Ulikwisha kuandikisha nafasi mbili ghubani, yako na ya Elsa, kwa Februari. Februari hukuweza kusimama. Machi ukaondoka.

Tulipogawa nguo zako dada yako ndiye aliyesimamia, kama mkubwa. Gauni la harusini alipewa binamu, koti alipewa mama wa kanisani. Nusu yako ya kitenge ilikuwa chini ya mto wako, imefuliwa mpaka miduara imekaribia kufutika. Kila mtu pale alijua ni ya nani. Dada yako aliichukua akampa Sabine, jirani yetu Mrundi wa ghorofa ya chini, kwa sababu binti yake alikuwa mjamzito. Hiyo ndiyo sababu aliyoisema. Hakutaka Elsa awe nayo.

Elsa alipouliza, aliuliza kwa Kiswahili. "Kitenge cha mama mdogo kiko wapi?" Miaka mingi dada yako alikuwa ameisubiri sentensi kama hiyo. Akajibu kwamba hajui.

Mwezi wa tisa Elsa alimwona Sabine kituo cha basi, mjukuu wake Arielle yuko mgongoni, amefungwa miduara ya chungwa. Hakupiga kelele nyumbani. Alirudi chuoni na kuacha kupokea simu za mama yake. Alimpigia baba yake, Gwakisa, na dada yako alikaa kwenye kochi hilohilo akisikiliza sauti ndogo inayotoka kwenye simu ya mwingine.

Alivumilia wiki saba, kisha akashuka kwa Sabine kukidai. Sabine alimfungulia, akamwonyesha kidole mdomoni. Mtoto alikuwa amelala mgongoni.

"Karibu, Mama Elsa. Kuna nini?" alinong'ona. "Ni hiki kitenge? Huyu bila hiki halali kabisa. Nimejaribu vingine vitatu, anakataa. Yule mdogo wako alikizoesha watoto." Akacheka kimya, mtoto akatikisika bila kuamka. "Kama unakihitaji, ngoja aamke nikupe."

Dada yako alisema alikuja kusalimia tu. Akapanda ngazi mikono mitupu, akamtumia Elsa ujumbe wa sauti, kwa kuwa simu isingepokelewa. Alisema: nilikitoa mimi, nilikitoa makusudi, nilikuongopea. Alisema pia kuhusu maneno ya jikoni. Alikatisha bila kuaga, kama kawaida yake.

Jibu lilikuja siku ya tatu, kwa maandishi. Kambi ya ghubani ilikubali kuzisogeza zile nafasi mbili hadi Februari hii. "Kiti cha mama mdogo kipo. Ukitaka."

Akaenda, Bupe. Alichukua likizo ya kwanza ndefu katika miaka tisa, akapanda ndege, halafu gari saa nyingi kwenye jangwa, pembeni ya mwanawe aliyevaa vidude vya muziki masikioni njia nzima. Na hata huko wivu ulikuwa umetangulia. Mpishi wa kambi alikuulizia. Ukutani kulikuwa na picha yako. Nahodha, yule mzee aliyeshika kichwa, alitazama wageni wake wakipanda botini, akaweka mkono mdomoni akaiga sauti yako, na kuuliza kwa ishara mwenye sauti hiyo yuko wapi. Elsa akamwambia. Mzee akavua kofia.

Dada yako alikaa kwenye kiti chako, amevaa koti la kujiokolea linalombana, akawaza kwamba hata nyangumi watauliza.

Siku ya kwanza hawakuja. Waliibuka mbali, migongo ya kijivu yenye madoa meupe ya viumbe wadogo wa baharini walioganda ngozini, wakatoa pumzi kama mvuke wa sufuria, wakazama. Nahodha hakuwafuata, kwani kazi ya boti pale ni kusubiri, na nyangumi ndiye mwenye kuamua. Siku ya pili ilikuwa hivyohivyo. Wageni walipigapiga maji kwa viganja, wakaimba. Hakuna kitu.

Siku ya tatu, ya mwisho, Elsa alisimama palepale uliposimama akajaribu kupiga vigelegele. Vilitoka viwili vikakatika. Akakaa chini, akafunika uso akalia, na upepo ulikuwa baridi.

Dada yako alifungua mkoba akatoa kitenge. Ni ile nusu nyingine, yake, ya kijani kibichi kabisa, miduara yake inang'aa kama siku ulipoikata, kwa kuwa miaka ishirini imekaa sandukuni. Alimfunika Elsa mabegani. Elsa aliitazama muda mrefu. Alishika ule ukingo uliopinda, pale mkasi wako wa jikoni ulipokwenda upande.

"Kumbe vilikuwa viwili," alisema.

"Ndiyo."

Hapo dada yako akasimama. Mwanamke huyu ambaye amekaa kimya kwenye harusi zote za Maryland alifungua mdomo akapiga vigelegele. Tusidanganyane: ilikuwa sauti mbaya. Mama mmoja wa Kimarekani aliuliza kama anahitaji msaada. Elsa alicheka, machozi bado yako mashavuni, akasema, "Mama, hiyo ni king'ora." Kwa Kiswahili, Bupe. Akasimama naye, na safari hii sauti yake haikukatika. Wakapiga pamoja mpaka wakaishiwa pumzi.

Hatujui kama walisikia. Nahodha anasema wangekuja tu. Lakini maji yaligeuka meupe chini ya boti, na ndama akatoa kichwa upande wa Elsa. Elsa hakunyoosha mkono. Alimshika mama yake kiganja, akakishusha mpaka kikagusa. Ni kweli, ni yai lililomenywa.

Dada yako hakumtazama ndama kwa muda mrefu. Alimtafuta yule nyangumi mama. Alikuwa hatua chache tu, amelala ubavu juu ya maji, hafanyi kitu, jicho lake kubwa la kahawia limefunguka nusu, anapumua polepole. Hakuwa ametoa mtoto. Alikuwa na dakika kumi, na watu wa kuaminika, akazitumia. Ndama alipochezewa vya kutosha alirudi kwake mwenyewe.

Usiku ule Elsa aliongea sana, na kila sentensi ya tatu ilianza na "mama mdogo". Mama mdogo alisema hivi, mama mdogo angecheka. Kwa hiyo wivu haujaisha. Dada yako ameomba tuandike hivyo, mtu asije akadhani amebadilika. Ile kadi ya daktari wa meno, hata hivyo, ameitupa.

Kitenge cha kijani kibichi kiko chuoni kwa Elsa. Kile kilichopauka anacho Arielle, na hatukidai.

Limebaki lile neno la siku ya arobaini. Linapaswa kusemwa wanawake wote wakisikia, ndiyo maana tumeliweka hapa, wanapopita wengi. Bupe, asante kwa kunilelea mtoto. Limechelewa miaka ishirini. Lipokee.

Unakumbukwa na mama yetu huko Tukuyu, na kaka yako Cosmas, na shemeji yako Gwakisa, na jirani yetu Sabine na mjukuu wake. Na mwanao Elsa. Na dada yako Jacqueline, mama yake.

Tutakukumbuka daima, na kila Februari tutakukumbuka kwa sauti.