Mgeni Kati ya Nyumba Mbili

Papa Prof,

Jumatatu saa tatu asubuhi nitakaa mbele ya watu watatu nisiowajua, niwape barua yako. Kabla ya siku hiyo nina neno la kukuuliza. Ni neno moja tu, la Kiingereza. Uliliweka mahali ambapo wewe mwenyewe ulinikataza kuliweka, na kwa wiki mbili sikujua nimshuku nani.

Najua ungesema, "Nsimire, salimia kwanza." Basi: Maman Georgine wako yuko salama, ila goti linamsumbua mvua ikinyesha. Kiti chako kimeondolewa dirishani. Watu bado wanapanda hadi huku kwetu mtaani Kasha na karatasi zao, wanagonga, wanauliza kama muzee wa Kiingereza yuko. Ninawaambia umetutoka. Juzi mmoja akaniuliza, "Atarudi lini?" Nilichukua karatasi zake.

Siku ya kumaliza matanga, Maman alinipa bahasha. "Prof alisema upewe akiisha kwenda." Ndani mlikuwa na barua ya kunipendekeza kwa kazi ya kutafsiri, imechapwa, ina sahihi yako. Nilisoma aya ya kwanza nikilia. Katika aya ya pili machozi yalikauka. Uliandika:

"The girl who helped me quietly corrected my mistakes."

Yaani: binti aliyenisaidia kimyakimya alisahihisha makosa yangu.

Papa Prof, kimyakimya ni la nani? Nilisaidia kimyakimya, kama msichana mwenye adabu? Au nilisahihisha kimyakimya, nyuma ya mgongo wako? Kule ninakokwenda Jumatatu, mtafsiri haruhusiwi kugusa hata nukta ya mwenzake bila kumwambia. Wakisoma kwa njia ya kwanza nina kazi. Wakisoma kwa njia ya pili, mwalimu wangu amenishtaki akiwa kaburini.

Na wewe ndiwe uliyenifundisha. Nilitoka sekondari na diploma yangu nikidhani ninajua Kiingereza, ukanipa miezi mitatu ya fungu moja tu la maneno, lile linaloanza na "who" na kusema mtu ni nani. Ulisema humo ndimo watu wanamouawa kwa kalamu. "Adverbe ni mugeni," ulisema, ukimaanisha kielezi. "Mupatie kiti. Mufaransa anamukalisha nyuma ya kitenzi, Mwingereza mara mingi anamukalisha mbele. Lakini usimuache asimame katikati ya nyumba mbili. Kila nyumba itasema iko mugeni wa jirani, atalala njaa." Nilicheka, ukanitazama juu ya miwani mpaka nikaacha. Sasa mgeni wako amesimama katikati ya nyumba mbili, na nyumba zote mbili ni zangu.

Kwanza nilimshuku Bahati, anayechapa barua pale Nyawera, nyuma ya kituo cha motari wa pikipiki. Alikuwa mwanafunzi wako kabla yangu, akakushinda uvumilivu. Hajawahi kuniita kwa jina langu, ananiita Madame Adverbe. Nilifungua kajitabu kangu kutafuta siku uliyokwenda kwake. Unakajua hako kajitabu, ulikuwa ukinitania kwamba ninaandika hata chumvi ikiisha. Barua ina tarehe 9 mwezi wa pili. Kwangu, tarehe 9, nimeandika: "Papa Prof amenituma Nyantende kupeleka salamu kwa baba wa mbuzi. Sijui kwa nini leo. Mvua."

Hapo nikaanza kukushuku wewe pia. Ulinituma mbali ili uandike bila mimi.

Nilishuka Nyawera siku ya Jumanne. Bahati alisoma sentensi, akapiga mluzi.

"Muzee alikuya ye mwenyewe na pikipiki," alisema. "Alikaa pa ile kiti. Nikamuambia, Prof, hii adverbe inasimama mubaya. Akanijibu, Bahati, weye chapa."

Nilimwambia siamini. Alicheka.

"Madame Adverbe, kama inakusumbua, niko na signature yake mu masini. Ninahamisha neno moja, ninachapa mupya. Hakuna mutu atajua."

Alisema hivyo kwa wema, nadhani. Lakini mtu anayeweza kuhamisha neno leo aliweza kulihamisha siku ile. Nilimwambia hivyo usoni. Akaacha kucheka. "Brouillon yake, ile aliandika na mukono, alirudia nayo ku nyumba," alisema. "Enda uone mukono yake. Kisha urudi hapa uniombe pardon."

Kabla sijasema nilichokuta, lazima niseme jambo ambalo sikukuambia ukiwa hai.

Mwaka wako wa mwisho ulianza kukosea. Si sana. Uliwakalisha wageni kwa Kifaransa, mwanamke "anayesema mara nyingi" ukampanga vibaya, mzee "aliyekuja polepole" hivyo hivyo. Wewe, uliyenirudishia ukurasa mzima kwa kosa moja. Ningekuambiaje? Nilipokuwa nikinakili kazi zako kwa usafi, niliwakalisha upya na kunyamaza. Niliona ni adabu.

Kisha akaja yule baba wa Nyantende ambaye ugonjwa uliingia zizini mwake. Alikuwa na mbuzi kumi na wanne, wakabaki wawili. Uliandika kwa ajili yake ombi la msaada, na "almost", yaani karibu, ukamweka mbele ya kitenzi. Kwa Kiswahili ni kama ulikuwa umeandika: mkulima aliyekaribia kupoteza mbuzi wake wote. Papa, aliyekaribia kupoteza hajapoteza. Huyo mbuzi wake wangali zizini, nani atamsaidia? Ilitakiwa: mkulima aliyepoteza karibu mbuzi wake wote. Neno lile lile, hatua moja tu nyuma ya kitenzi, na mbuzi kumi na wawili wamekufa kweli.

Niliandika ukurasa upya. Wa kwako niliukunja nikautupa katika kapu la karatasi za kuwashia jiko la mbabula, chini kabisa, chini ya maganda ya maharage. Yule baba alipata msaada. Alikuletea kuku, ukamwambia, "Shukuru Kiingereza." Mimi nilikuwa jikoni. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayejua.

Baada ya hapo kuna jambo niliandika katika kajitabu bila kulielewa: "Papa Prof siku hizi anaandika akiruka mstari. Anaharibu karatasi. Ni uzee?" Wewe, usiyetupa karatasi yenye mgongo mweupe, uliyeandikia hata nyuma ya tangazo la misa. Nililihesabu pamoja na dalili za ugonjwa, nikanyamaza tena.

Alhamisi Maman alinifungulia kasha lako la bati. Tulitafuta pamoja. Nilimwambia ninatafuta diploma yangu. Ilinibidi kumdanganya. Brouillon ilikuwa ndani ya diksionere, kamusi yako. Mkono ni wako, hakuna wa kubisha. "Quietly" uliiandika kwanza mbele ya "helped", mahali safi, mahali ulipotufundisha. Kisha ukaikata. Ukachora mshale, ukaipeleka nyuma ya "me", katikati kabisa. Hukuteleza. Umri haukuteleza. Bahati hakuteleza.

Nilikaa nimeishika nikiwa na hasira nawe, nikisema moyoni: alijua, na ameniachia mtego. Ndipo Maman akasema, "Kwa nini inanuka maharage?"

Niligeuza karatasi.

Nyuma yake alikuwepo baba wa Nyantende, na mbuzi wake wote wazima. Ule ukurasa wako niliotupa. Una mikunjo yangu, na doa la maganda. Uliutoa kapuni, ukaunyoosha kwa mikono yako, ukauhifadhi sijui miezi mingapi. Kisha siku ya kuandika kuhusu mimi, kati ya karatasi zote zilizokuwa nyumbani humo, ukachagua mgongo wa hiyo.

Tangu siku ya maharage ulijua. Ndiyo sababu uliruka mstari. Nafasi ile haikuwa uzee, Papa. Ulikuwa ukiniachia mahali pa kuandika, nami nikaendelea kuiba kwa mlango wa nyuma wakati mlango wa mbele uko wazi.

Bado sijui kama ulisikitika. Brouillon haisemi. Nimeigeuza mara nyingi, ninaangalia mshale, naona haukutetemeka, ni hayo tu. Labda mgeni ulimsimamisha pale kwa sababu vyote viwili ni kweli na hukutaka kumfukuza katika nyumba yoyote. Labda ulitaka nikimwona pale niulize, maana mimi si mtu wa kuuliza. Nakushuku hilo zaidi.

Nimemwomba Bahati pardon, mbele ya motari wawili waliokuwa wakisubiri wateja. Alisema, "Karibu, Madame." Adverbe aliisahau, au aliiacha kwa makusudi. Sijui. Na ile barua mpya ya masini yake nimeikataa.

Jumatatu nitawapa barua jinsi ilivyo. Wakiniuliza kimyakimya ni la nani, nitawaambia ni la pande zote mbili, kisha nitawaeleza habari za mbuzi, na kwamba sikukuambia, na kwamba nilikosea hapo tu. Wakinirudisha nyumbani, karatasi za watu ziko hapa Kasha zinasubiri. Ninakuahidi hivi: ukurasa wa mtu sitaugusa tena bila kupiga hodi, hata akiwa mzee, hata akiwa mgonjwa, hata nikimpenda.

Pumzika, Papa Prof. Barua hii nimeiandika nikiruka mstari mmoja mmoja, mwanzo mpaka mwisho. Nafasi ni yako.

Nsimire