Vijidudu Havizoei Dawa

Machi 4

Baba mpendwa, shikamoo.

Kikohozi kinaendeleaje? Huku sisi wazima, ila chaki imenikausha koo.

Nimefurahi umeanza dawa za kifua kikuu. Miezi sita si mchezo, lakini wewe uliyevumilia mabosi watatu kwenye taipureta moja hushindwi na vidonge. Kwa kuwa simu huisikii vizuri siku hizi, nitakuandikia kila kitu, hata ya darasani. Leo nimeanza mageuko ya viumbe na kidato cha nne. Mmoja wao, tunamwita Profesa kwa ubishi wake, akauliza mbona dawa nyingine za zamani haziponyi tena. Kengele ilikuwa inalia, nikamjibu harakaharaka kwamba vijidudu huzoea dawa, kama mtu anavyozoea pilipili. Wakacheka, wakatoka.

Kula vizuri. Msalimie shangazi.

Mwanao, Mwalimu

Mei 22

Binti yangu, marahaba.

Afya inarudi. Suruali iliyokuwa inanivuka sasa inakaa bila mkanda. Shangazi yako wa mlango wa pili anasema nimeanza ubishi tena, basi ujue nimepona.

Sasa nikupe siri. Barua yako nimeisoma mara nyingi, nikaumiza kichwa. Kama vijidudu vinazoea dawa, basi tusivipe nafasi ya kuzoea. Wiki moja nameza, wiki moja naacha, visahau. Nikirudi navikuta vimebweteka, navipiga. Kliniki sijawaambia, watajifanya wajuaji. Umeona? Baba yako si mtoto wa jana. Mwambie Profesa kuna mwanafunzi amempita.

Baba yako

Juni 3

Baba, shikamoo.

Unisamehe, leo sina salamu ndefu. Barua yako nimeisomea ofisi ya walimu, na nakujibu papo hapo.

Nilikosea, baba. Vijidudu havizoei kitu. Havijifunzi wala havisahau. Chukua mfano wa kazi yako. Ukipiga nakala elfu za barua moja, iko ambayo utakosea herufi. Kijidudu nacho kikizaliana hunakili maandishi yake ya ndani, tunayaita jeni, na hukosea bila kukusudia. Makosa mengi hayana faida. Lakini moja kati ya mamilioni linaweza kukifanya kijidudu kisiuawe kirahisi na dawa. Ukimeza zote kila siku hadi mwisho, hata hicho kinamalizwa. Ukiacha katikati, vinyonge vimeshakufa, kile kigumu kimebaki na uwanja mzima, na kinazaa watoto kama chenyewe. Hakuna kilichozoea. Viko vilivyokufa na viko vilivyobaki. Huo ndio uteuzi asilia, na ndivyo nilivyopaswa kusema siku ile, kengele ilie isilie.

Nenda kliniki leo, uwaambie yote. Nimempigia shangazi akupeleke.

Mwanao

Agosti 30

Mwanangu, marahaba.

Nakuandikia kutoka wodini. Nina chumba cha peke yangu, madirisha wazi kutwa, na shangazi yako anaingia na barakoa kama jambazi.

Alinipeleka siku ileile uliyompigia, lakini vilikuwa vimeshabaki vile vya herufi iliyokosewa. Wanaita usugu. Dawa za sasa ni kali. Nazimeza zote mbele ya muuguzi, ila mwili unazidi kuisha. Daktari ni kijana mpole. Nilimweleza habari za nakala na makosa, akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia kwa binti yangu, tangu ile barua ya kwanza. Akafunga faili langu, akatoka.

Usiache darasa kwa ajili yangu.

Baba yako

Septemba 15

Baba, shikamoo. Umeamkaje? Unakula?

Jana nilirudi kwenye lile somo. Nikaandika ubaoni kwamba vijidudu havizoei dawa, nikawaambia mwezi wa tatu niliwafundisha vibaya. Profesa akasema, "Lakini mwalimu, si neno moja tu?" Nikatoka, nikalia nyuma ya maabara.

Daktari alitoka kwa sababu alielewa. Ni mimi, baba. Neno langu ndilo lililokulaza hapo, na sijui nitaishi nalo vipi.

Mwanao

Oktoba 2

Mwanangu, marahaba. Mimi nasema, muuguzi anaandika.

Acha kulia nyuma ya maabara, wanafunzi wanakuona. Kuna jambo niliona aibu kukuambia. Vile vidonge vilikuwa vinanichefua. Kila asubuhi nilikuwa natapika, nikaamua kuviacha. Nikatafuta kisingizio, nikashika barua yako kwa sababu ilinifanya nionekane msomi. Ningeviacha hata kama ungekuwa fundi bomba. Basi usijitwike mzigo usio wako. Fundisha, ila usifundishe kwa haraka.

Muuguzi anasema nimesema vya kutosha.

Baba yako

Oktoba 9

Baba yangu, shikamoo.

Najua shangazi ndiye anayekusomea. Kumbe ni vidonge vilivyokuchefua! Si ungesema mapema, mzee mbishi wewe? Nimekuamini, na moyo umetulia. Jana nimelala hadi asubuhi. Nimepata ruhusa, nafika Jumamosi. Ningojee. Nakupenda sana.

Mwanao

Shangazi, hapa chini usimsomee. Daktari amenipigia, anasema huenda Jumamosi ikawa mbali. Wewe ndiye uliyekuwa unakunywa naye chai kila asubuhi, na uliniambia mwenyewe hakutapika hata siku moja. Asijue kwamba najua. Akikuuliza mbona karatasi bado ina maneno, mwambie ni salamu zako.