Hodi Isiyoitikiwa

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na lile goti limepunguza ukorofi. Waambie watoto mama yao mdogo anawakumbuka, hata yule Kinanda asiyenyamaza. Mimi ni mzima wa mwili, ila nimekaa roho juu. Kupiga simu nimeogopa, maana sauti yangu unaijua. Ungenishtukia kabla sijamaliza salamu.

Kazini hakukaliki. Unakumbuka siku umeme ulipozimwa jengo zima ili fundi umeme abadilishe swichi kubwa, na kumbukumbu za benki ya damu ya hospitali tunayoihudumia zikaharibika? Wodini walishindwa kujua chupa ipi imepimwa kwa mgonjwa yupi. Ikabidi wapime upya huku mama aliyetoka kujifungua akisubiri. Alipona, Mungu mkubwa. Lawama akabebeshwa fundi, kwamba alikata umeme mapema. Kesho anaitwa mbele ya wakubwa, na sote tunajua watamfukuza.

Nikueleze kwa lugha ya nyumbani. Ile mashine yetu kubwa ni kama nyumba ya kupanga. Ndani yake wanaishi wapangaji wengi, kila mmoja ni kompyuta kamili inayoendeshwa na mfumo uitwao Linux. Kabla ya kuzimwa, mashine humpigia hodi kila mpangaji, ikampa dakika chache afunge mafaili yake na kulala. Asiyeitikia hukatwa hivyo hivyo, kazi ikiwa mkononi.

Juzi wenzangu walipokwenda kula, nilitengeneza nakala ya mpangaji wa benki ya damu, nikaipigia hodi. Kimya. Nikaongeza muda wa kusubiri, bado kimya. Ndipo nikakumbuka kwamba kwa Linux hodi ile huingia kama mtu amebonyeza vile vitufe vitatu vya kuwasha kompyuta upya, na hapa kuna mtu alivizima. Nilipovirudisha na kuvielekeza kwenye kuzima, akaitikia hodi ya kwanza, akalala taratibu. Fundi umeme hana kosa lolote.

Sasa, dada, lililonifanya niandike ni hili. Umeona sikumsalimia shemeji, mumeo, ingawa tunafanya kazi pamoja. Aliyevizima ni yeye. Nilimwuliza nikidhani atacheka kama kawaida yake. Alijibu huku akikoroga chai kwamba kuna mtu alikuwa akivibonyeza kwa bahati mbaya, akaamua kuondoa usumbufu, bila kujua hodi hupitia mlango huo huo. Hilo ningelisamehe, wengi hukosea hapo. Lakini alisema amelijua tangu siku ile ya ajali, na kwamba fundi ana mikono, hatakosa kazi kwingine. Kisha akafunga mlango wa ofisi polepole, akanikumbusha ni nani aliyeniingiza kazini, na kwamba damu ni nzito kuliko maji. Tangu hapo namwogopa. Nikisikia viatu vyake kwenye korido, najifanya naongea na simu.

Lakini damu yangu ni wewe, dada, si yeye. Na mficha maradhi kifo humuumbua. Safari ijayo anayesubiri chupa huenda asipone. Mkutano wa fundi na wakubwa ni kesho saa nne asubuhi. Naogopa utanifungia mlango, wewe uliyenilea mama alipotutoka, na hilo linanitisha kuliko kupoteza kazi. Ila sikutaka uyasikie barabarani. Mwambie shemeji leo, akishakula na kutulia, kwamba nitanyamaza mpaka saa nne ili apate nafasi ya kusema mwenyewe. Asiposema, nitasimama mimi.

Nimemwomba jirani yako mshonaji akupe barua hii mkononi. Ukiisoma nibipu tu, hata kama una hasira na hutaki kusema nami. Mlio mmoja utatosha, nijue umenisikia. Simu nimeiweka mapajani.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba