Jina Kabla ya Gitaa

Jumatano, 3 Machi 1993
Umeme umerudi saa nne asubuhi, saa sita umekwenda zake. Ngoma, besi na gitaa la pili zimeingia. Mashine yangu ya kurekodia ina njia nne tu, kila njia na sauti yake. Nimezijaza tatu, kisha nikazimimina zote pamoja kwenye ya nne, ili zile tatu zibaki wazi kwa solo na waimbaji. Ukishamimina hakuna kurudi. Besi ikiwa kubwa, itabaki kubwa mpaka kiyama.
Besi ni kubwa. Nimekasirika.
Magodoro yote yako ukutani, blanketi dirishani, soksi yangu kwenye maikrofoni. Mke wangu Georgette anauliza tutalalia nini. Ana haki. Mvua ilipoanza juu ya mabati tukaacha.

Alhamisi, 4 Machi
Mbuyi, mpiga solo wetu, amekuja. Gitaa amelibeba mgongoni, limefungwa kwa kitenge cha mkewe. Wiki ya pili sasa analala stesheni na familia yake, pamoja na watu wote wa Kasai waliofukuzwa majumbani. Wanangoja treni iwapeleke kwao, wanavyoambiwa. Kwao wapi? Mbuyi kazaliwa hapa Likasi, mtaa huu huu wa Kikula, kama mimi. Baba yake na baba yangu walifanya kazi kiwanda kimoja, zamu moja. Nina hasira na sijui niipeleke wapi.
Amepiga solo mara moja tu. Imetosha. Miaka kumi na tano ninatengeneza redio na kurekodi watu, sijawahi kunasa kitu kama kile.
Baadaye Donat ameimba, na maringo yake yote. Kwetu mpiga solo haingii kimya kimya. Mwimbaji humwita kwanza, watu wajue ni nani anayekuja. Donat ameita "Mbuyi!" kwa sauti ya kupasua ukuta, hata majirani wamesikia. Mbuyi akacheka.
Wakati wa kuondoka ameniambia, "Firmin, unipatie kaseti mbele ya treni kufika. Ndiyo kitu moja nitaenda nayo."
Nimemwahidi.

Ijumaa, 5 Machi
Mkubwa wa vijana wa mtaa, wale wanaowafukuza watu wa Kasai, amekuja. Amekaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa. Alikuwa amesikiliza dirishani.
"Nyimbo iko muzuri. Lakini ile jina ya Mbuyi utoshe, ufute. Ukiiacha pale, tutajua weye uko upande gani."
Kisha akamgeukia Georgette. Akamuuliza mama yake anatokea wapi.
Anajua vizuri. Mtaa wote unajua kuwa marehemu mama mkwe wangu alikuwa wa Kasai.
"Tulishamuzika hapa hapa Likasi," Georgette akajibu, akaendelea kukunja nguo.
Yule mtu alipotoka nilikuta nimeshika bisibisi, sijui tangu saa ngapi.
Nimemweleza Donat. Amesema tufute. Amesema huku anatazama viatu vyake.

Jumamosi, 6 Machi
Nimefuta.
Jina lenyewe halifiki hata sekunde moja. Unaacha kaseti iende, unabonyeza mahali penyewe, unaachia. Nikabonyeza, nikachelewa kuachia. Jina likaondoka. Nikarudisha nyuma kusikiliza, na gitaa nalo halipo.
Swichi ya kurekodia ya njia ya gitaa niliiacha wazi tangu Alhamisi. Kosa la mtu aliyeanza kazi jana! Mwanzo wa solo umekufa, mpaka pale anapopanda juu. Kaseti haina nakala, kwa sababu mimi fundi mkubwa nilitaka kumaliza kwanza ndipo ninakili.
Georgette ameuliza mbona nimeacha kazi. Nikasema umeme umekatika. Redio ya jirani ilikuwa inaimba.

Jumapili, 7 Machi
Sikwenda misa. Mpiga gitaa la pili amekuja kujaribu kuziba pengo. Amejaribu mara nane. Ni mtoto wa watu, simtukani. Nimemwambia aende akale.
Wanasema treni inatoka Lubumbashi kesho.

Jumatatu, 8 Machi
Betri ya gari nimeifunga kwenye baiskeli. Mashine ndani ya beseni, Georgette kajitwika. Sikumwomba aje. Amefunga kitambaa kichwani akatoka mbele yangu.
Stesheni hakuna pa kukanyaga. Masufuria, cherehani, milango iliyong'olewa kwenye nyumba zao ili isibaki. Watoto wanakohoa. Nimewaona watu niliowatengenezea redio. Wengine wamenisalimu, na hilo limeniuma kuliko wale waliogeuza uso.
Mbuyi nimemweleza gitaa tu. Swichi, kosa langu, samahani. Akavaa vipokea sauti masikioni, akafumba macho. Nilitazama kidole chake kikipiga goti. Kidole kikasimama.
"Jina iko wapi?"
Nikamwambia. Yule mtu, kiti changu, mama mkwe. Yote, haraka haraka, kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Hakunitazama. Alimtazama Georgette muda mrefu.
"Mama yako alikuwa ananipikiaka matembele," akamwambia.
Akafungua kitenge, akatoa gitaa. Tumeliunganisha moja kwa moja kwenye mashine. Safari hii nilikagua swichi mara tatu, na Georgette akakagua mara ya nne. Nikaachia kaseti. Ilipofika mahali pake nikabonyeza, akaingia. Si kama Alhamisi. Alhamisi alikuwa anacheza, leo alikuwa anagonga. Lakini ameunganisha na sehemu iliyobaki, hata mimi sisikii kiungo.
Treni imefika saa nane mchana. Watu wote wakasimama pamoja. Hapo ndipo nilipokumbuka kaseti niliyomwahidi. Wimbo ulikuwa mmoja tu, ndani ya mashine, na mashine ya kunakilia iko nyumbani. Nilimsaidia kupandisha magodoro kwenye behewa lisilo na paa.
"Utaituma," akasema.
Nikasema ndiyo.

Jumanne, 9 Machi
Nimechanganya sauti kuanzia saa nne mpaka umeme ulipokwisha. Besi nimeipunguza kwa kukata sauti za chini, ngoma nazo zimekonda, basi. Nimesikiliza kwenye spika kubwa, kwenye redio ndogo ya jikoni, kwenye gari la shemeji yake Donat. Kote unasikika wimbo wa watu wanaojua kazi.
Ningeweza kumrudisha Donat aliite jina upya. Mahali pa jina palikuwa wazi, umeme ulikuwepo, Donat alikuwa ameketi pale. Sikumwomba. Niliogopa. Ninaandika hivi ili nisije nikajidanganya baadaye.

Jumapili, 21 Machi
Kaseti ya Mbuyi nilimpa mfanyakazi wa treni aliyekuwa anakwenda Mwene-Ditu, huko Kasai. Hajarudi.
Leo baada ya misa redio imepiga wimbo wetu, ile nakala aliyowapelekea Donat. Hatukuwa tumeambiwa. Georgette alikuwa uani anachambua matembele, mimi nimekaa mlangoni. Donat akaimba beti zake zote. Kisha pakafika pale. Ngoma na besi peke yake, pumzi moja, kabla ya gitaa kuingia.
"Mbuyi!" Georgette akaita.
Hakuinua kichwa. Aliita kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili. Na nyuma ya ukuta, kwa jirani, sauti ya mwanamke nayo ikaita jina lile lile. Halafu nyingine, mbali kidogo. Gitaa likaingia.
Mimi sikuita. Jina lilifika mpaka kwenye meno.
Wimbo ulipokwisha Georgette aliniomba nimsogezee sufuria. Nikamsogezea.