Babu Hakufia Burma

Baba, shikamoo.

Najua huwezi kuitikia, lakini sijawahi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia, na leo nina jambo zito.

Siku ya mazishi yako wasifu wako niliusoma mimi, pale uani kwetu Kanazi. Niliandika kama ulivyotufundisha: kwamba baba yako, Mzee Rusengo, alichukuliwa na Mwingereza kwenda kupigana Burma wewe ukiwa bado unanyonya, na hakurudi. Wenzako walipojisifia baba zao ulikuwa unasema, "Wangu alifia vitani," kisha unanyamaza, na hakuna aliyethubutu kuongeza neno. Mimi nilitembea na maneno hayo shule nzima. Babu yangu shujaa.

Matanga yalipokwisha, katekista wetu mpya alinifuata shuleni ninakofundisha. Ni mtu wa Biharamulo. Akasema, "Mwalimu, samahani. Kwetu Nyarubungo alikuwepo mzee mmoja Mhangaza kama ninyi, jina lake Rusengo. Sisi watoto tulimwita Mzee Burma."

Nikamwambia majina hufanana. Akasema mzee huyo alikuwa na vidole sita mkono wa kushoto.

Baba, kidole kile bibi alitusimulia tangu tukiwa wadogo.

Niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikaenda Nyarubungo. Nilimkuta Shangazi Leokadia amekaa mkekani anapukuchua mahindi. Ni binti wa babu. Ni mdogo wako, Baba, na paji la uso ni lako kabisa. Nilipojitambulisha hakushangaa. Alimaliza gunzi alilokuwa nalo, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na cheti cha babu cha kuachishwa jeshi. Namba yake. Burma. Na chini, mahali pa familia: mke mmoja, mtoto mmoja wa kiume, Kanazi.

Mtoto huyo ni wewe.

Alirudi, Baba. Shangazi alisimuliwa na babu mwenyewe. Alifika Kanazi mchana, amevaa koti la jeshi. Njiani akakutana na mtu aliyemwambia kwamba habari za kifo chake zilishafika zamani, na mdogo wake ameshamrithi mkewe. Alimwona bibi kwa mbali, yuko shambani, na wewe unacheza pembeni. Alisema akiingia pale atamuua ndugu yake. Akageuza. Akaenda kuanza maisha mapya Nyarubungo.

Alikufa mimi nikiwa darasa la tatu. Darasa la tatu! Tungeweza kupanda gari asubuhi tukamwamkia, tukarudi kesho yake.

Shangazi akaanza kukumbuka. Babu alivyokuwa akimbeba mabegani. Alivyowafundisha kupiga kwata uani, mti wa muhogo begani badala ya bunduki, na yeye anahesabu, kushoto, kulia, hadi mama yao anavunjika mbavu kwa kucheka. Alikuwa anatabasamu akisimulia, na mimi nilitamani anyamaze. Kila alichotaja kilikuwa chako. Wewe jembe ulifundishwa kulishika na baba mdogo ambaye hata siku moja hakukuita mwanangu. Nilimwonea wivu mama mzima wa miaka sabini kwa sababu alibebwa mabegani.

Nadhani aliuona usoni kwangu. Akasema, "Usinitazame hivyo. Akinywa pombe yake ya rubisi alikuwa anamlilia mtoto wa Kanazi. Sisi watoto wanne tuko mbele yake na hatutoshi. Nimemwonea baba yako wivu tangu nina akili, na sijawahi kumwona."

Ungedhani nililainika. Hapana. Nilifurahi, Baba. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba na yeye ilimuuma.

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Alikuwaje, kaka yangu? Huna picha yake hata moja?"

Simu yangu imejaa picha zako. Nikamjibu, "Simu imezima, Shangazi."

Dakika chache kabla ya hapo alikuwa ameniona nikipiga picha kile cheti kwa simu hiyo hiyo. Alinifungia mahindi kwenye kanga, akanisindikiza hadi kwenye bodaboda, akaniambia niwasalimie wadogo zangu, akiwataja mmoja mmoja kwa majina niliyomtajia mara moja tu.

Nimeona aibu kuanzia pale hadi leo.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Jumamosi narudi Nyarubungo na picha yako ile ya suti, imeshasafishwa na kuwekewa fremu. Nitamwomba radhi kwa mdomo wangu. Kwenye misa ya mwaka atakaa mbele na sisi, na wasifu nitausoma upya, nitasema baba yako alirudi, na nitataja alipozikwa. Najua wengine watanong'ona. Lakini ile picha uliyonishika mkono siku ya kipaimara changu simpi, wala simwonyeshi. Bado sijafika huko.

Pumzika, Baba. Kama huko mmeshaonana, usimsaidie maneno. Mwache babu aanze yeye.

Mwanao,
Anastazia