Sauti za Baba Kwenye Pipa la Taka

Baba Watoto,

Chakula kipo jikoni, kipashe moto. Mtoto anywe dawa saa nane.

Jana ulinifokea kwamba sauti zilizorekodiwa za marehemu baba yangu zinaijaza kompyuta, ukanisimamia mpaka nikazifuta. Leo asubuhi nimeiwasha, nafasi imepungua tena! Ikajizima, ikajiwasha, nafasi ikarudi tele. Kumbe ilikuwa inajisasisha: ilijaza makorokoro yake, ilipomaliza ikayafuta. Mzee wa watu kasingiziwa bure.

Sauti zake bado zimo kwenye pipa la taka la kompyuta. Ole wako ukilimwaga. ~~Nitazirudisha mwenyewe jioni.~~ Zirudishe wewe, na kila moja uisikilize kwanza. Kwenye ile ya mwisho anakusifu wewe.

Mama Watoto