Nilimwita Bi Kwanini, na Darasa Zima Likanyamaza

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako na naomba pia usinihurumie haraka, maana mimi ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, huu ni mwaka wa kumi na saba nashika chaki, na nililolifanya nimelificha hata kwa mume wangu, ambaye kwa kawaida simfichi kitu.

Muhula uliopita nilikuwa nafundisha darasa la tano kugawanya sehemu kwa sehemu, nikaandika ubaoni kama ninavyoandika kila mwaka, kwamba ile sehemu ya pili unaipindua, alama ya kugawanya inageuka kuwa ya kuzidisha, halafu unamaliza kazi, na watoto wakaitikia kwa sauti moja, "Tunapindua," ndipo msichana wa dawati la tatu, mtoto mpole, mama yake ni fundi cherehani, akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, kwa nini tunapindua?"

Mshauri, sikujua. Nami nilifundishwa kupindua tu na hakuna aliyewahi kuniambia sababu, nikasimama pale, watoto arobaini na wawili wananitazama, na badala ya kusema sijui, nikasema, "Wenzako wote wanapindua, wewe unatafuta kwa nini. Haya, Bi Kwanini, njoo ubaoni utufundishe." Akaja. Nikampa swali ambalo nilijua hataliweza, akasimama na chaki yake mpaka kengele ikalia, darasa linacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka nao.

Jina likamganda. Bombani wanamwita Bi Kwanini, kwenye mstari wa asubuhi Bi Kwanini, na mtoto mwingine yeyote akithubutu kuuliza kitu wanamnong'oneza, "Kwanini wa pili," kwa hiyo baada ya wiki tatu hakuna mkono uliokuwa unanyooka darasani kwangu, nikiuliza "mmeelewa?" wanasema ndiyo, nikisahihisha madaftari naona hawakuelewa hata chembe. Mwalimu mkuu alipita dirishani akanisifu, akasema darasa langu lina nidhamu, hata inzi akiruka unamsikia. Nilimshukuru. Nilijaribu kurekebisha, nikampa yule binti swali jepesi la kujumlisha, alipojibu nikasema vizuri sana, mpigieni makofi, wakapiga huku wanacheka, naye akalaza kichwa juu ya dawati mpaka kipindi kikaisha.

Sasa Jumamosi iliyopita nikapeleka gauni kwa mama yake likapunguzwe kiuno. Mteja aliyenitangulia alikuwa na kitambaa cha mita tatu, anataka foronya, na binti alikuwa amekaa chini anafumua mshono, hakuniona kwa sababu nilisimama nyuma ya nguo zilizotundikwa. Mama yake, bila kuinua macho kwenye cherehani, akamuuliza, "Mita tatu, foronya moja robo tatu. Zinatoka ngapi?"

"Nne," akasema.

"Una hakika?" mteja akauliza.

"Mita moja ina robo nne, kwa hiyo mita tatu zina robo kumi na mbili. Foronya moja inakula robo tatu. Kumi na mbili ukitoa tatu tatu, unapata nne."

Nilihesabu kichwani, mshauri. Alizidisha kwa nne, akagawanya kwa tatu. Ndiko kupindua kwenyewe, ndiyo sababu niliyokuwa siijui miaka kumi na saba, na mtoto alikuwa nayo mikononi siku zote. Aliponiona akaacha ule mshono, akaniamkia "shikamoo mwalimu" kwa sauti ya chini, akaingia nyuma ya pazia.

Mama yake akanikaribisha kwa heshima zote. Akasema, "Mwalimu, mimi nakushukuru tu kwa kumvumilia. Ameniambia mwenyewe hesabu si zake, kichwa kizito. Nimemwambia asijitese, mwakani nitamkalisha hapa kwenye cherehani."

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Nikasema, "Gauni litakuwa tayari lini?"

Tangu siku hiyo chakula hakipandi. Mwenzangu wa ofisini nilimdokezea kidogo, akaniambia ukiwaomba watoto radhi leo, kesho watakukalia kichwani, na heshima ya mwalimu ikidondoka haiokoteki. Je, niseme au ninyamaze, nihamie darasa lingine? Nikisema, nitawatazamaje? Mama yake atanionaje?

Ni mimi, mwalimu mwenye haya.

JIBU

Mwalimu, aibu unayoisikia ni dalili kwamba bado una dawa. Wapo wanaofanya ulichofanya kila siku na wanakula wakashiba. Ila nimeisoma barua yako mara mbili, na ulipofika kwenye kuuliza, umeniuliza watoto utawatazamaje na mama yake atakuonaje. Hukuniuliza binti atafanyaje. Anza kugeuza shingo hapo.

Kutojua si kosa. Kosa lako ni kwamba ulikuwa na deni la neno moja, "sijui," ukamlipisha mtoto wa watu. Na huyo mwenzako anayekutisha kuhusu heshima, muulize ni heshima gani iliyobaki katika darasa ambalo watoto wanakudanganya kwamba wameelewa ili wasichekwe. Hiyo ni hofu, umeivalisha tai.

Kuhama sahau. Utawaacha na jina ulilolitunga, nani atalifuta?

Kesho ukitoka kazini nenda kwa mama yake, kabla hujasema na darasa, maana kule uamuzi wa kumkalisha kwenye cherehani unazidi kukomaa. Usizunguke kwa salamu ndefu. Mwambie: "Mwanao hana kichwa kizito. Aliniuliza swali nisilolijua, nikamwaibisha." Mwambie ulichokisikia kwenye foronya. Akikufokea, pokea. Cherehani ni kazi ya heshima, lakini mtoto aichague kwa kuipenda, asiikimbilie kwa kukukimbia wewe.

Kisha mbele ya darasa, maneno machache, bila machozi. Sema uliulizwa swali zuri, hukulijua, ukaona haya, ukafanya aliyeuliza achekwe, na ulikosea. Usimsimamishe binti. Usimpigie makofi tena, yale makofi yalikuwa adhabu ya pili. Jina likitajwa, sema palepale kwamba ulilitunga wewe na umeliondoa.

Halafu fundisha, mama. Nenda na kamba na mikasi, wape wawili wawili, wakate robo na nusu kwa mikono yao kabla hujagusa ubao. Ukiuliza swali, hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kumchagua mtu, wengine mawazo yao yanakuja kwa miguu. Anayekosa usimwambie kaa chini, muulize amefikaje pale, mara nyingi utakuta amekosea hatua moja tu kati ya nne. Na angalau mara moja kwa wiki wakusikie ukisema, "Hilo silijui, tulitafute."

Mikono haitanyooka siku hiyohiyo. Watakupima kwanza, na wana haki. Binti huenda akakaa muhula mzima bila kukutazama usoni. Usimdai msamaha, wala usimnunue kwa upendeleo. Mtoto anaweza kuendelea kukukasirikia na bado akafundishwa vizuri, na kazi yako ni hiyo ya pili.